Mizani Iliyoganda Kila Mchana

Fardosa alipoingia katika ofisi ya Manjit Singh, mwenye kinu cha unga, alitarajia kuambiwa kuhusu kompyuta. Manjit alifunga mlango kwanza.

"Nimekuita wewe kwa sababu wewe si wa huku, si wa kule," alisema. "Hapa kwangu kuna mtu ananiharibia kazi. Mimi nataka kumjua."

Ilikuwa Machi 2008, baada ya fujo za uchaguzi. Malori ya mahindi yalikuwa yameanza tena kushuka kutoka upande wa Rongai, maduka ya Nakuru yalikuwa yamefunguliwa, lakini watu walikuwa bado wanasikiliza jina la mtu, wajue kabila lake, kabla ya kusikiliza anasema nini. Fardosa alizaliwa mjini hapo, mtaa wa Section 58, na babu yake alikuja mjini kutoka pwani enzi za reli. Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea wafanyabiashara programu za kompyuta, na alikuwa amezoea kuitwa mambo yanapoharibika. Kuitwa ili akamate mtu, hapana.

Tatizo lenyewe lilikuwa getini, kwenye kibanda cha mizani ya kupimia malori. Kompyuta iliyokuwa mle ndani iliunganishwa na mizani kwa kebo, na programu yake ilizunguka kutwa nzima ikifanya jambo lile lile: inasoma uzito, inauliza databesi lori la mwisho lilikuwa na uzito gani, ikiona kuna mabadiliko inaandika, halafu inarudi mwanzo. Tangu Februari, kila siku baada ya chakula cha mchana, ilianza kusuasua kisha ikaganda kabisa. Foleni ya malori ilifika barabarani. Madereva walipiga honi na kutukana.

"Wa mizani ni Kiptanui," Manjit alisema. "Yeye anaenda kula, anarudi, kompyuta inakufa. Kila siku! Hiyo inaweza kuwa bahati mbaya?"

Kiptanui alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimwachia Fardosa kiti na kusimama mlangoni mikono ikiwa nyuma.

"Ukirudi kutoka kula huwa unafanya nini?" Fardosa alimuuliza.

"Nakaa."

"Unagusa nini?"

Kiptanui alimtazama. "Madam, umeitwa kutengeneza mashine ama kunihoji?"

Fardosa aliona haya, lakini pia aliona kwamba swali halikujibiwa.

Alipotoka kunawa mikono, Mathenge, mtunza stoo, alimfuata pale bombani. Alikuwa mtu wa makamo, shati lake jeupe kwa vumbi la unga.

"Mimi sisemi kitu, dada," alianza. "Nyumba yangu ilichomwa Januari, sasa nimepanga chumba Rhonda na watoto wanne. Sisemi ni nani. Lakini jiulize tu, ni nani anabaki na ile kebo peke yake."

Akaenda zake bila kungoja jibu. Fardosa aliporudi kibandani, Kiptanui alikuwa ameshawaona.

"Mathenge amekuambia nini?"

"Ananisalimia tu."

"Mimi hanisalimii tangu mwaka uanze," Kiptanui alisema. "Ndugu yangu alifukuzwa mtaa wa Kaptembwo akiwa na nguo aliyovaa tu. Nami nakaa hapa watu wananiangalia mikono. Hiyo kebo siigusi tena. Ikilegea namwita Nicodemus wa geti aje aone kwa macho yake."

Ilisikika kama ukweli. Ilisikika pia kama maneno ya mtu aliyejiandaa kuulizwa. Fardosa hakujua ashike lipi, na mchana huo, Kiptanui aliporudi kutoka kula, alisimama nje ya dirisha akamchungulia. Alimwona akikaa. Akamwona akiinama, mkono wake ukapotea chini ya meza, palepale kebo ilipopita. Haukupita muda mrefu, skrini ikaganda.

Fardosa aliingia mbio. Kebo ilikuwa imekaza. Kiptanui alisema alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Manjit alipouliza ameona nini, Fardosa alijibu kama alivyoona: aliinama, kisha ikaganda. Hakuongeza kitu. Hakusema pia kwamba kebo ilikuwa sawa. Jioni hiyo Kiptanui aliambiwa kwamba ameonekana akiinama, na asirudi mpaka aitwe, akavuka geti na koti lake begani bila kuaga mtu.

Kesho yake Manjit alikaa mwenyewe kwenye kile kiti. Alikunja mikono kifuani, hakugusa chochote isipokuwa kitufe cha kuchapisha risiti. Baada ya chakula cha mchana kompyuta ikasuasua, kisha ikaganda mbele ya macho yake.

Fardosa aliinama akaikagua kebo; ilikuwa imekaza.

"Basi ni Mathenge," Manjit alisema. "Alitaka Kiptanui afukuzwe, sasa anaendelea kuniharibia."

"Bosi, ni wewe ulikuwa umekaa hapo."

"Kuna mtu!" Manjit alipiga meza. "Mashine haiwezi kujiua yenyewe."

"Inaweza. Naomba ufunguo wa kibanda. Asiingie mtu yeyote, hata wewe."

Asubuhi iliyofuata alijifungia mle, akawasha kompyuta na kufungua dirisha dogo linaloonyesha kila programu inatumia memori kiasi gani. Aliomba malori yazuiliwe nje kidogo. Mizani ilikuwa tupu, hakuna mtu wala gurudumu juu yake, lakini memori ya programu ilikuwa inapanda. Alisubiri ishuke. Haikushuka. Kila mzunguko ulichukua kipande kidogo na haukukirudisha.

Ndipo akafungua programu yenyewe akasoma mstari kwa mstari, jambo ambalo, alijiambia kwa uchungu, lilistahili kuwa la kwanza. Kila ilipozunguka, programu ilifungua ulizo jipya kwenye databesi. Uzito ukiwa umebadilika, iliandika na kulifunga ulizo. Uzito usipobadilika, iliruka moja kwa moja hadi mwanzo na kuliacha wazi. Mizani ikikaa tupu, au lori likisimama likisubiri karatasi, maulizo yalirundikana humo ndani mpaka kompyuta ikashindwa kupumua. Kufikia mchana ilikuwa imejaa, awe amekaa nani kwenye kiti.

Alimwita Manjit akamwonyesha. Manjit alielewa haraka kuliko alivyotarajia, lakini hakukubali.

"Programu hii tunayo miaka. Kwa nini ianze Februari?"

"Hilo ndilo nataka kukuuliza. Ni nani aliibadilisha?"

Manjit alipiga simu Nairobi kwa Vikram, mpwa wake aliyeiandika programu hiyo, akaongea naye Kipunjabi. Aliposhusha simu, hakumwangalia Fardosa.

"Mwisho wa Januari mimi nilimwambia aongeze mwendo," alisema. "Zamani ilisoma uzito kila dakika. Nikataka isome kila sekunde. Nilifikiri wakati huu wa fujo watu wataniibia."

Kosa lilikuwepo miaka yote. Zamani lilirundika polepole, na jioni kompyuta ikizimwa, kila kitu kilifutika kabla hakijajaa.

Fardosa aliongeza agizo la kufunga ulizo kabla ya programu kurudi mwanzo, hata kama uzito haukubadilika. Malori yakaruhusiwa kuingia. Mchana ulipita, na memori ilibaki palepale. Badala ya kufurahi, aliomba wapande gari la Manjit waende kwa Kiptanui, maana simu alikuwa hashiki.

Kiptanui aliwapokea mlangoni, hakuwakaribisha ndani. Manjit alieleza, akaomba msamaha.

"Nani alisema niliinama?" Kiptanui aliuliza.

"Ni mimi," Fardosa alisema. "Niliyoona pale dirishani nilisema nusu. Nisamehe."

Kiptanui aliitikia kwa kichwa. "Nitarudi. Lakini hayo mnayoniambia hapa, mkaseme pale uwanjani watu wote wakisikia."

Na ndivyo ilivyokuwa. Manjit alisema mbele ya wapakiaji, madereva na Nicodemus kwamba kosa lilikuwa la programu, na kwamba yeye ndiye aliyelizidisha. Mathenge alisikiliza akiwa amesimama kwenye mlango wa stoo, kisha akarudi ndani kuhesabu magunia.

Kiptanui alifanya kazi hadi mwisho wa mwezi. Kisha akaandika barua ya kuacha. Manjit alimsihi, akamwambia mashine sasa haina shida tena.

"Najua," Kiptanui alijibu. "Lakini kila nikiinama nasikia mtu dirishani."

Siku yake ya mwisho alimkabidhi Manjit funguo, akachukua koti. Mathenge alitoka stoo, mikono ikiwa na unga, akaifuta kwenye suruali na kunyoosha mmoja. Kiptanui aliutazama kitambo, akaushika. Lori lilikuwa limepanda mizani na dereva alikuwa anapiga honi, na mizani haikuwa tena na mtu wake, kwa hiyo Mathenge aliingia kibandani kulipima.