Kambale wa Ushahidi

Mkutano wa kijiji ulikuwa umempa Bartolomayo samaki mmoja. Si wa kula. Wa kushindia maneno.

Maneno yenyewe aliyaanza mwenyewe, kwa sauti kubwa, kama alivyoanza kila kitu tangu apunguzwe kazi kwenye karakana moja ya Kizota, mjini, akarudi kwao Hombolo na begi la nguo, mashine ya kuchomelea isiyo na umeme wa kuiwasha, na hasira. Kwenye bwawa la kijijini alikuta mambo mapya. Miaka ile kila mdomo ulikuwa unaimba soko huria. Mwenye gari na barafu alikuja na nyavu zake, akazitandaza upande wa matete, akabeba kila kilichonasa. Na mvua zilikuwa zinakaribia. Mvua zikikaribia, kambale majike huja kwenye matete yale yale, matumbo yamewajaa mayai, wakingoja maji yapande.

"Mnauza mpaka mimba!" Bartolomayo alisema mkutanoni, amesimama wakati wenzake wote wamekaa. "Miaka miwili mbele mtavua matope. Mtayawekea barafu matope!"

Mwenye nyavu alikuwa Hasani, mtu wa Kondoa, waliyemwita Hasani Barafu kwa sababu ya sanduku lililokaa nyuma ya pikapu yake. Hakukasirika. Alicheka, na kicheko kile kilimuuma Bartolomayo kuliko tusi.

"Fundi," alisema, "samaki akishatolewa majini, huyo amekufa. Hata ukimrudisha, anakwenda kufia kwenye tope, anaoza, hamfai mtu. Si bora tumle?"

"Uongo! Mimi nawavua kwa ndoana na nawarudisha wakubwa wote. Wanaondoka wazima."

"Nani kawaona?"

Watu wakageuza shingo kumtazama Bartolomayo. Hakuna aliyewaona. Alikuwa anavua peke yake, alfajiri, mahali ambapo wengine hawaendi.

Mwenyekiti, mzee Elieza, aligonga kifimbo chake chini. "Basi tuoneshe. Pata jike mkubwa, tuite, mrudishe mbele ya macho yetu. Akiondoka na nguvu zake, nyavu zinatoka kwenye matete mpaka mvua ziishe. Hasani, umesikia?"

"Nimesikia, mzee. Nakubali."

"Akikufia, fundi, usitusumbue tena na habari ya samaki."

Njiani mkewe, Dorkasi, alitembea naye mpaka kwenye mashamba ya zabibu. Kisha akasema, "Baba Ruthu, maneno yako yote umeyatia kwenye tumbo la samaki."

"Nimeyatia mikononi mwangu," alijibu.

Na kweli, mikono yake ilistahili kuaminiwa. Mtu yule aliyeongea kama anavunja kuni, akimshika samaki aligeuka mtu mwingine. Ule mwiba mdogo wa kinyumenyume kwenye ndoana aliuponda kwa nyundo, ili ndoana itoke bila kuchana. Hakumburuta samaki kwenye mchanga, kwa maana mchanga mkavu hukwangua ute, na samaki bila ute ni mtu bila ngozi. Alilowesha mikono kwanza. Hakutia vidole kwenye mashavu. Aliingia mwenyewe majini, akampokea kwa mikono miwili, mmoja nyuma ya kichwa, mwingine chini ya tumbo, kama mkunga. Mambo hayo hakufundishwa. Aliyaokota moja moja, kwa kuangalia nani anaondoka na nani anaelea.

Asubuhi samaki alipokuja, jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa matete. Mshipi ulikwenda, ukasimama, ukakata maji kwa ubavu. Bartolomayo hakuvuta kwa pupa. Alimwacha akimbie, akamrudisha, akamwacha tena, huku akiingia majini mpaka magotini. Kichwa kilipojitokeza, kipana na bapa kama sepetu, sharubu zikitiririka maji, moyo ulimruka.

"Mama Ruthu! Njoo umwone!"

Dorkasi alikuwa anafua pale karibu. Akaja na mapovu mikononi, akasimama. "Jamani. Huyu si samaki. Huyu ni mama mkwe. Mwamkie."

"Shikamoo mama," Bartolomayo akamwambia kambale, na wote wawili wakacheka. Ilikuwa siku nyingi hawajacheka pamoja.

Samaki alikuwa mrefu kama mguu wa mtu mzima, na tumbo lake lilikuwa gumu, limetuna. Bartolomayo alimlaza juu ya gunia lililolowa, ndani ya maji ya kina kifupi, akaingiza plaizi, akazungusha kidogo, ndoana ikatoka safi. Hakuna damu. Jike alikaa palepale, akifungua na kufunga mashavu, mzima kabisa.

"Sasa mwachie," alisema Dorkasi. "Utapata mwingine mwenyekiti na wenzake wakiwepo."

"Mwingine kama huyu?"

"Hata mdogo wake. Walisema mkubwa. Hawakusema mkubwa kuliko wote."

Kwa kitambo kidogo alijua kwamba mkewe amesema kweli. Lakini alikuwa ameshaiona sura ya Hasani Barafu mbele ya samaki huyu. Alishaona kicheko kile kikimkauka mdomoni.

"Nenda kawaite."

"Basi mwache hapo kwenye gunia, umlowanishe lowanishe."

"Wakimkuta kwenye gunia watasema nimemtoa sokoni. Na maji haya ya ukingoni, jua likipanda kidogo tu, yatakuwa chai. Hapana. Nitamfunga kwenye kina, penye baridi, apumzike. Nenda."

Dorkasi akaenda. Bartolomayo akachana kipande kipana cha gunia, upana wa kiganja, kisimkate, akamzungushia nyuma ya mapezi ya mbavuni. Alifanya taratibu, akijaribu kwa kidole kama hakijambana. Kipande akakifunga kwenye kamba, na kamba akaifunga kwenye jiwe. Toka jiweni mpaka kwa samaki aliacha kamba fupi, asije akajizungushia matete. Ule upande mrefu akaushika mkononi. Akaingia mpaka maji yakamfika kifuani, akalishusha jiwe chini polepole kama anayelaza mtoto, akarudi ukingoni akakaa.

Baada ya muda, kamba ikamvuta mkono. Tu! Halafu tena. Tu!

"Haya mama," alisema peke yake, akitabasamu. "Nguvu unazo. Zitunze."

Mwenyekiti hakuja upesi. Alikuwa anamngoja Hasani, na Hasani alikuwa njiani kutoka mjini na barafu yake. Jua likapanda. Bartolomayo alikaa na kamba kiganjani kama daktari aliyeshika mshipa wa mgonjwa. Kila kamba ilipovuta, alihesabu ni ushindi. Ilikuwa inavuta kwenda juu, juu tu, kwa nguvu kubwa, halafu inalegea. Mbele yake, kwenye maji yaliyotulia, kambale wengine walikuwa wanapanda mmoja mmoja: mdomo unatokea, maji yanafunguka duara, mdomo unazama. Kwa duara zile ndivyo alivyojua siku zote pa kutupa ndoana. Alizitazama huku anatunga kichwani maneno atakayomwambia Hasani.

Kuvuta kukapungua. Kamba ikatetemeka kidogo, kama uzi wenye nzi. Kisha ikatulia.

"Amezoea," akajiambia. "Amelala."

Walipokuja walikuja wengi: mzee Elieza mbele na kifimbo chake, Hasani amekunja suruali, vijana wake wawili wamebeba wavu begani kwa maana wao walikuja kazini na si kwenye shauri, na wanawake na mabeseni ya nguo, kwani habari ya mama mkwe ilikuwa imeshafika.

"Mbukwenyi!" Bartolomayo akawaamkia kwa lugha ya kwao, kifua mbele. "Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Yuko kwake. Leo mtamwona akienda na miguu yake."

"Samaki ana miguu?" kijana mmoja akauliza, watu wakacheka.

"Chekeni," Bartolomayo akasema. "Chekeni sasa hivi, maana baadaye mtafunga midomo. Nyie mlisema akitoka majini amekufa. Mimi nasema mkono wa mwanadamu si lazima uwe kisu. Mkono ukiwa na adabu, unachukua na unarudisha. Tazameni!"

Akaingia, akivuta kamba. Jiwe lilikuja. Na nyuma ya jiwe likaja kitu kizito, kizito kama nguo iliyolowa, kisichokataa wala kukubali. Mkono wake ulijua kabla yake. Akaendelea kuvuta kwa kuwa watu walikuwa wanatazama.

Jike alikuja ubavu juu, tumbo jeupe linang'aa.

"Amelala kweli," akasema kijana yule yule, lakini safari hii wachache ndio waliocheka.

Bartolomayo alikikata kile kipande cha gunia mwilini mwa jike, akamgeuza, akampokea kwa mikono miwili kama siku zote, mmoja nyuma ya kichwa, mwingine chini ya tumbo. Akamsukuma mbele polepole, maji yaingie mdomoni. Akamvuta. Akamsukuma. Sharubu zilikwenda zikarudi, na kila ziliporudi ilikuwa kama zimejivuta zenyewe.

"Kachezesha!" akasema. "Mmeona? Kachezesha sharubu!"

"Ni maji hayo, fundi," mtu akajibu.

"Mpe muda," mzee Elieza akasema. "Tumpe muda." Akakaa juu ya jiwe, kifimbo kati ya magoti.

Wakampa muda, na hicho ndicho kilichokuwa kibaya zaidi. Hakuna aliyepiga kelele ili naye apige kelele. Bartolomayo alitembea na samaki ndani ya maji, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mgongo umeinama, akinong'ona maneno yasiyosikika. Mama mmoja alisema anamtembeza kama mgonjwa wa hospitali ya Jenero. Mwingine akamwambia nyamaza. Jua liliwapiga wote. Dorkasi alisimama ukingoni, mkono mdomoni.

Halafu mayai yakaanza kutoka. Mkono ule wa chini ya tumbo, uliokuwa unamshikilia asizame, ulikuwa umeyakamua bila kukusudia. Yalitoka taratibu, madogo, ya kijani kama mbegu za mtama mbichi, yakamwagika kwenye vidole vyake na kusambaa majini. Alilegeza mkono, samaki akazama upande. Aliubana tena, mayai yakatoka zaidi. Alijaribu kuziba kwa kiganja. Hakujua mkono auweke wapi. Mikono ile, ambayo ilijua kila kitu, haikujua pa kukaa.

Hasani akavua viatu. Aliingia na suruali yake mpaka kiunoni, akaja upande wa pili wa samaki, akamwinua kichwa, mdomo ukawa juu ya maji. Akamshika hivyo kwa muda, akimtazama machoni. Hakuwa anacheka.

"Ulimfunga chini?" akauliza polepole.

"Penye baridi. Kwenye kina."

"Kamba fupi?"

"Asijinase kwenye matete."

Hasani akaelekeza kidevu upande wa bwawa, ambako duara moja ilifunguka ikajifunga. "Wale wanapanda kuvuta hewa, kaka. Kambale maji peke yake hayamtoshi, maji yenyewe haya mazito. Lazima apande." Akapunguza sauti zaidi, lakini bwawa lilikuwa kimya na sauti ilifika kote. "Huyu amekufa maji."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Halafu mmoja akarudia, "Samaki? Kufa maji?" na kicheko kikapasuka ukingo mzima, kicheko kisicho na ubaya, cha watu wanaoshindwa kujizuia. Mama mmoja aliketi na beseni lake akajifuta machozi. Hata mzee Elieza aliinamisha uso, mabega yakamtikisika.

Bartolomayo alikuwa anatazama duara zile. Tu, kamba ilikuwa imesema mkononi mwake. Tu. Na yeye akaijibu, nguvu unazo, zitunze. Alikuwa amelishika ombi la yule jike kiganjani asubuhi nzima.

Alifungua mdomo aseme jambo. Alitaka kusema kwamba shauri halikuwa hili, kwamba jike alikuwa mzima, gunia ni shahidi, Mama Ruthu ni shahidi, ndoana ilitoka safi. Dorkasi akasema badala yake, "Mwenyekiti, alikuwa mzima. Mimi nilimwona. Alikuwa anapumua kabisa."

"Naamini, mwanangu," mzee Elieza akasema. Akainuka, akapangusa kanzu. "Lakini mkutano haukusema tuamini. Ulisema tuone." Akamtazama Bartolomayo kwa muda mrefu, na kwenye macho yake hakukuwa na ushindi wowote, ila uchovu. "Shauri limekwisha, fundi. Pole."

Watu wakaanza kutawanyika. Wanawake wakarudi kwenye nguo zao. Hasani alimwachia kichwa cha samaki taratibu, akampiga Bartolomayo begani mara moja, akatoka majini. Dorkasi aliingia na gunia, akamfunika yule jike, akamchukua kutoka mikononi mwa mumewe. Ilibidi amfungue vidole.

"Nimpeleke wapi?" akauliza.

Akauliza tena, kisha akaondoka naye, ameegemea nyuma kwa uzito.

Bartolomayo alibaki amesimama pale, maji yakimfika kiunoni, mayai yamemganda mikononi. Nyuma yake wale vijana wawili walikuwa wameshashusha wavu na kuanza kuukunjua kuelekea kwenye matete. Walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini, umejisokota, vuta wewe, si mimi. Mmoja akaja karibu, akamwangalia, akasita. Hakuwa kijana mbaya.

"Samahani, kaka. Tushikie hapa kidogo tuunyooshe. Wewe si umeshalowa."

Akamtia ncha ya kamba ya wavu mkononi. Bartolomayo aliitazama. Vidole vyake vikaifunga.

Wavu ukanyooka, ukaingia kwenye matete.