Muchezaji wa Papa Marcellin

Hapa Uvira, ukiwa na karatasi ya maana, unaipeleka Kasenga kwa Pitchou, aifunge mu plastiki na ile mashini yake ya moto. Tangu mto Mulongwe utuingilie mu manyumba, watu wanafunga kila kitu: diplome, karte ya ubatizo, hata picha ya fiancé mwenye alishakimbia. Mto ukirudia, fiancé ataelea.

Miye nilibakiwa na bahasha moja. Tembre yake, ile stempu ya posta, ilikuwa na muchezaji wa mpira, ya ile mwaka Zaïre ilienda mu Kombe la Dunia. Kwenye kona, muhuri mweusi ulikuwa umekanyaga tembre kidogo: UVIRA, na tarehe. Ule muhuri aliupiga papa yangu, Marcellin. Alifanya kazi ya Posta mpaka mukono wa kuume ukapita wa kushoto kwa unene. Tembre kama ile ziko nyingi, hata Ulaya. Yenye kupigwa na papa iko moja. Kaburi yake, mto uliibeba. Bahasha, bibi yangu Florentine, mama ya mutoto wetu Délice, aliiokoa mu kilemba chake, maji ikimufika kifuani.

Bigirimana, mukusanyaji wa tembre wa Bujumbura, aliona picha ya ile bahasha mu WhatsApp. Alikuwa anatayarisha maonyesho.

"Nitaandika jina ya muzee chini yake," akaniambia. "Lakini usitoe tembre kwa bahasha. Bila muhuri ni karatasi tu."

Nikamuambia Florentine: Jumamosi mugeni anakuja kuangalia kitu ya papa. Nilifurahi vile sijafurahi tangu mazishi.

Samedi, Bigirimana akiwa na fanta yake, Florentine akaingia, ameshika kitu kwa mikono mbili. Plastiki. Ndani, muchezaji peke yake, anang'aa, kona zote zimekatwa mviringo kama karte d'électeur, ile ya kupigia kura.

"Bahasha iko wapi, Mama Délice?" nikauliza.

"Ile ilikuwa imeoza. Na ule wino ulimuchafua muchezaji kwenye kona. Pitchou aliukata vizuri, mugeni asione uchafu."

Bigirimana aliigeuza, akaiweka polepole juu ya meza. "Mama, umeitunza sana," akasema. Kisha akaniangalia, akatikisa kichwa.

Nikapanda pikipiki mbio mpaka kwa Pitchou.

"Vile vipande vya bahasha?"

"Papa Délice, zile takataka? Niliwashia makala ya jiko asubuhi. Ikaa kwanza, chai ingali iko moto."

Nikakunywa. Ningeokota nini sasa, majivu?

Kurudi, mugeni alishaenda kuvuka mupaka, na Florentine alishapiga musumari mu ukuta. Muchezaji yuko pale, pembeni ya diplome yangu. Yeye na mguu juu ya mpira, miye na diplome, na kati yetu hakuna mwenye kazi.

Dimanche, jirani yetu Fanny akatoka kanisani, akapita kutusalimia. Akasimama mbele ya ukuta.

"Huyu njo papa yako mwenye Florentine anasemaka kila siku? Alikuwaka na magoti mazuri, weye ulitoa wapi hizi zako?"

Florentine alikuwa ananiangalia, anangoja, na kilemba chake cha dimanche.

"Ndiyo, njo yeye," nikasema.