Simu kwa Chama cha Watafiti

Mdadisi aliyekuja kutuuliza maswali ya utafiti alikuwa msichana wa Maseru, jina lake Nyakallo. Katika wanawake wa nyumba yangu, kura ilimwangukia mke wa mwanangu, Mapoloko. Basi Nyakallo akaniomba nitoke nje. Nyumbani kwangu!

"Samahani, mama. Chama chetu cha watafiti hakitaki masikio mengine."

Nikaenda kuchambua mboga karibu na zizi, huku namwomba Mungu. Khauhelo mwanangu humpiga mkewe, na nilihisi humo ndani wanaulizana nini.

Mara Khauhelo huyo, juu ya farasi, hata jua halijasogea. Nikakohoa kwa nguvu, wasikie ndani. Akashuka, akanipita, fimbo mkononi.

"Na maji mnateka wapi, dada?" Nyakallo alikuwa akiuliza tulipofika mlangoni. Nikajua amegeuza maswali.

"Bomba la kanisani," akajibu mkwe wangu. Macho mekundu.

"Maji ndiyo yanakuliza?" akasema Khauhelo. "Wewe, lete hicho kidude unachoandikia nisome."

"Siwezi, kaka. Jibu la mtu haonyeshwi mwingine, hata mumewe."

"Huyu nimemtolea ng'ombe wa mahari!"

"Hata ungetoa zizi zima, kaka. Kadi hii ina namba ya chama. Nishitaki."

Khauhelo akapiga simu, akaiweka kwa sauti kubwa. Nikashika nguzo ya mlango. Neno moja tu la huko lingemvunja Mapoloko mbavu.

"Chama cha watafiti, karibu," akaitika mama mmoja.

"Huyu binti yenu anamuuliza nini mke wangu?"

"Afya na maisha ya nyumbani, bwana."

"Maisha gani?"

"Maji, chakula, magonjwa. Na akikuonyesha jibu hata moja, tunamfukuza kazi. Au wewe ungependa majibu yako asomewe jirani?"

Akakata simu, akanigeukia. "Mama, wewe husemi uongo. Wamezungumza nini?"

"Nilikuwa nje, sikusikia," nikasema, na ndiyo kweli. "Sasa toka na wewe."

"Mama!"

"Nyumba hii aliijenga marehemu baba yako, akaniachia mimi. Toka, Khauhelo."

Aliiangalia fimbo yake, akaniangalia mimi. "Siku hizi wanawake mna serikali yenu," akasema, akatoka.

Nikavuta kigoda mlangoni, nikakaa nikiwapa mgongo, rozari mkononi. "Endeleeni," nikawaambia, "ila pole pole, nisisikie."

Mapoloko akaanza kunong'ona. Khauhelo alikuwa amesimama zizini, ananitazama, na farasi hajamvua tandiko.