Tangi Chini ya Sokoni

Soko letu lilipotimiza miaka themanini, mwenyekiti alitaka sherehe ya kukumbukwa. Historia yote ilitundikwa ukutani: picha za mafundi wakipandisha paa, picha ya mlango mkuu ulipokuwa mpya, orodha ya wauzaji wa mwanzo. Kisha akasema, "Na lile tangi la chini tulifungue. Wageni waone wazee walikuwa wanachota wapi maji."

Tangi hilo lilizibwa kwa zege nilipokuwa na miaka sita. Ndio mwaka baba alipotuacha.

Baba alikuwa fundi cherehani humu humu sokoni. Walimwita Shoto, kwa kuwa alikata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Jumapili moja hakurudi nyumbani. Wiki hiyo hiyo mwanamke aliyeuza vifungo meza ya jirani naye akahama bila kuaga, watu wakajumlisha wenyewe. Mama hakubisha. Alichana picha ya harusi, na tangu hapo hakukanyaga soko. Nami nilipoanza kushona hapa, alininunia miezi minne.

Saa nne asubuhi mafundi wakavunja zege, mmoja akashuka na ngazi na taa. Tulijazana pale, simu juu.

"Mwenyekiti," akasema kutoka chini, "waondoe watu. Kuna mifupa."

Hakuna aliyeondoka. Kwanza ikapanda ndoo iliyoliwa na kutu. Kisha mkasi mkubwa wa fundi, wa mkono wa kushoto. Soko zima lilikuwa na mkasi mmoja tu wa namna ile. Nilikuwa nautazama tu, huku mtu nyuma yangu akiuliza mifupa ni ya nani.

Mlinzi wa zamani, mzee aliyealikwa kama mgeni wa heshima, aliinuka kitini.

"Mfuniko ulivunjika Ijumaa," akasema. "Tukatandika turubai. Jumatatu alfajiri wakapanga mbao juu, wakamwaga zege. Hakuna aliyechungulia."

"Jumapili zamu ilikuwa ya nani?" mwenyekiti akauliza.

"Yangu. Sikuwepo. Nilikwenda kwa shemeji yangu, nikarudi zege limeshamwagwa."

Nilitembea hadi nyumbani. Mama alikuwa ukumbini akichambua mchele.

"Mama, baba amepatikana."

Hakuinua uso. "Amefuata nini? Mwambie sijampikia."

"Hakwenda popote, mama. Alikwenda kuchota maji ya kunyunyizia nguo za pasi. Alitumbukia ndani ya tangi, pale pale sokoni."

Vidole vyake viliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akatoa na punje nzima, akavitupa vyote pamoja. Kisha akasimama, ungo ukamwagika, akatoka na ndala zisizofanana.

Tulipofika sokoni, polisi walikuwa wameshazungushia kamba. Sherehe ilikuwa imevunjika, meza kuu haina mtu. Mama aliinama kwenye shimo, akamgeukia mlinzi.

"Siku zile maji yalifika wapi?"

"Magotini, dada."

"Magotini. Basi aliita."

Mzee yule alikaa sakafuni. Hata mimi nilikuwa sijafika huko katika mawazo. Nilidhani baba alikufa mara moja. Nilitaka mtu aseme kwamba aligonga kichwa, kwamba hakujua kitu. Hakuna aliyesema, na mama hakuuliza tena.

Tulimzika Alhamisi, baada ya daktari wa polisi kumaliza kazi yake. Soko lilifungwa nusu siku. Mama alisimama mwanzo mpaka mwisho, hakutaka kiti wala bega la mtu.

Usiku ule alikaa kitandani na viatu miguuni.

"Kila siku nimemlaani," akasema. "Hata ile Jumatatu nilikuwa nimeshaanza. Huenda alikuwa bado hai, mwanangu."

Nilimvua viatu, nikampandisha miguu kitandani, nikalala pembeni yake.