Chumba Chenye Dirisha

Mimi Safiya, mtetezi wa wanyonge na fahari ya shule yangu ya bweni, natangaza rasmi kwamba leo dhalimu ataumbuliwa mbele ya ukoo wake. Tangazo hilo nililitoa nikiwa nimechuchumaa nyuma ya pipa la taka, ganda la yai limeganda kiatuni, nikihakikisha mlango wa gereji haujafungwa.

Dhalimu ni Jianbo, jirani yetu hapa ughaibuni, mtaa wa Erdington. Kijiji chao Uchina kilivunjwa kupisha maduka makubwa. Fidia ya mama yake, Bi Suzhen, ndiyo iliyonunua nyumba hii, kwa ahadi ya chumba chenye dirisha la bustanini. Chumba kikapangishwa mwanafunzi. Mama akawa analala gereji, kati ya friza mbili, na kutwa akikunja sambusa za kuchemsha ambazo mwanawe aliziuza mtandaoni.

"Mbona humwambii kitu, bibi?" nilimuuliza siku moja ya likizo, simu ikitutafsiria.

"Ni mwanangu. Wewe kunja, unga unakauka."

Siku hiyo ya tangazo ilikuwa Mwaka Mpya wa Kichina. Saa sita mchana ukoo mzima ulijazana kwenye simu ya video. Jianbo alimvika mama koti jekundu, akamketisha kwenye kitanda cha mpangaji, dirishani. Simu akanipa mimi.

"Shika vizuri, Safiya. Mama, tabasamu!"

Nilishika vizuri sana. Nikatoka nayo, nikashuka ngazi hadi gereji. Godoro. Ndoo. Blanketi juu ya friza. Upande wa pili wa simu, mzee mmoja alivua miwani.

Jianbo alinipokonya simu. "Nani kakutuma huku?"

"Mimi," alisema Bi Suzhen nyuma yake. "Nimemtuma mimi."

Nami, ambaye sijawahi kukosa la kumjibu mwalimu mkuu, niliupita mlango wa gereji nikaenda zangu nyumbani.

Siku ya tatu sanduku la Bi Suzhen lilikuwa kando ya barabara.

"Mama anarudi kwao," Jianbo alimwambia mama yangu. "Amepakumbuka."

Bi Suzhen alinionyesha kwao kwenye ramani ya simu. Kidole chake kiligusa palipokuwa jiko lake. Sasa ni maegesho ya magari ya yale maduka, ghorofa tano.

"Anko," nikamwambia Jianbo. "Ni mimi. Yeye hakunituma."

"Najua," alisema Jianbo, akafunga buti ya gari.

Nyuma yake wanaume wawili walikuwa wakiingiza friza ya tatu gerejini.