Maslahi

...na maji wamemfungulia, chupa ya nusu lita tu, lakini mhudumu kamzungushia kifuniko kana kwamba Minza hana mikono, Minza huyu huyu aliyekuja redioni kutoka Mwanhuzi miaka minane iliyopita akiila maikrofoni kama muhindi wa kuchoma, na nani alimfundisha kurudi nyuma kiganja kimoja, si yeye Malimi, meneja, mwanzilishi, mwenye hisa... leo kakaa upande wa pili wa meza, katika ukumbi huu wa Bariadi wenye feni moja, na mbele yake kibao, MJUMBE HURU, herufi kubwa, huru kwa nani hasa, waziri ana mkono wake kwenye bodi ya mamlaka ya mawasiliano, bodi ina mkono wake kwenye hii kamati ya maudhui, sasa huo uhuru uliingilia mlango gani, vifungu vyote Malimi anavijua, sheria aliisoma mpaka karatasi zikalegea, kwa sababu kiti kile alikiomba na yeye, waliomba wote wawili, na barua ikaenda kwa Minza. Wivu umemkaa kooni tangu siku ile, aseme tu ukweli, ni wivu, si uchungu wa haki kama anavyomwambia mkewe Felisita kila wakila... mwenyekiti Salvatory, miwani moja usoni na nyingine kichwani, bado anapekua makaratasi, "shauri la kwanza, shauri la kwanza," na shauri la kwanza ni redio ya Malimi, maana Shija wa kipindi cha pamba alisema hewani kwamba mizani ya mnunuzi mmoja inakula kilo za wakulima, akamtaja jina, hakumpigia simu naye ajibu, na sasa wanaweza kuifungia redio msimu mzima wa pamba, msimu ambao watu kuanzia Mwandoya mpaka Bukundi wanamsikiliza Shija kabla hata ya kufungulia ng'ombe, wajumbe ni watano, kura tatu zinatosha kumfunga mdomo, na mmoja wa hao watano ni huyu, aliyemsalimia pale mlangoni asubuhi, "Mwangaluka, baba," akakunja magoti na sketi yake ya ofisini mbele za watu, na yeye akamjibu "Karibu, mheshimiwa," kwa sauti kavu, makusudi, ili imuume, wala haikumuuma, alitabasamu tu... nani alimbeba, lazima yupo aliyembeba, fomu zilikuwa zile zile, kurasa nne, Malimi anazikumbuka, ule wa mwisho ukiitwa Tamko la Maslahi, eleza maslahi uliyonayo katika sekta, naye aliandika kwa mwandiko wake mzuri, hayatoshi, sina posho wala bima, ila nafanya kazi kwa moyo, akaona hapo kawagusa, mtu mwenye uchungu na kazi, wangemwacha vipi, wakamwacha, wakamchukua binti wa juzi...

"Mheshimiwa mwenyekiti," Minza alisema, kiganja kimoja nyuma ya maikrofoni, "kabla hatujaanza, mimi nina maslahi katika shauri hili." Malimi nusura acheke, haya sasa, posho imekuwa ndogo, anaidai hadharani, na mimi nipo nasikia... "Meneja wa redio hii ndiye aliyenifundisha kazi. Namwita baba, na leo nimemsalimia kama baba. Siwezi kumpima sawasawa. Niliandika kwenye fomu kwamba nitatoka siku akiletwa, kwa hiyo naomba nitoke, na iandikwe." Maslahi... kumbe maslahi ndiyo hayo, si mshahara, si posho, ni ile kamba inayokufunga kwa mtu au kwa mali, na yeye mwenye kamba nene kuliko wote, mwenye nusu ya hisa za redio, hakuandika hisa hata moja, aliandika bima, joto likampanda masikioni, hakuna aliyembeba Minza, waliisoma tu fomu, wakasoma na ya kwake, labda walicheka, labda iko kwenye faili hadi leo, hayatoshi... "Imeandikwa," mwenyekiti alisema bila kuinua macho, na Minza akainuka, maji hakuyagusa, akapita karibu yake akiinamisha kichwa kidogo, mlango ukafungwa taratibu, na pale mezani kikabaki kiti na kibao chake, na wajumbe wanne wageni ambao Malimi hajui kama hata mmoja wao aliwahi kushika jembe, rudi, moyo ulimwambia, rudi mwanangu, lakini alijua hawezi kulisema neno hilo kwa mdomo, na wivu haukumtoka, ulibaki pale pale kooni, ila hakikuwa tena kiti alichokionea wivu, wala maji, ni ile kuinuka, kuinuka tu na kutoka bila kulazimishwa na mtu, maana anajijua, ingekuwa yeye pale na redio yake iko mezani, angekaa, angekunywa maji yake taratibu, na kura angepiga... "Ukurasa wa tisa," mwenyekiti alisema, "hapana, siyo huu," akaendelea kupekua, na Malimi akaendelea kukitazama kile kiti.