Wenye Kope Nzito

Mkono wa kulia ulianza kutetemeka msusi alipofika katikati ya kichwa, naye akafanya jambo ambalo zamani angelionea haya: aliacha kusuka. Akaulaza mkono juu ya mto, akafumba macho.

"Da, ushalala?" akauliza bi harusi mtarajiwa, aliyekaa mkekani kati ya magoti yake.

"Naweka akiba. Tulia."

Bi harusi alikuwa binti wa shangazi yake, na aligoma katakata kusukwa na mtu mwingine. Shangazi alikasirika. "Utaingia ukumbini na nusu kichwa," alimwonya bintiye asubuhi. "Yule huanza yeye, humalizia jirani. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Nyoka mwenyewe, mama yake msusi, alikuwa kitini pembeni, akichambua nywele za bandia. Alikuwa na kope nzito kama za bintiye, zilizofunika nusu ya jicho, na ndizo zilizowaponza wote wawili. Ukoo mzima uliwaita Sinzia Mkubwa na Sinzia Mdogo. Tangu aolewe, mama huyo hakuwahi kukaa kwa raha. Akisikia kandambili za wifi yake mlangoni, huruka akashika ufagio, hata kama sakafu inang'aa na miguu yake inawaka moto.

Mwezi uliopita daktari alichukua kipande kidogo cha msuli kwenye paja la msusi, kikapimwa. "Ndani ya chembe za mwili kuna vitu vidogo mno, mitokondria," alieleza. "Ndivyo vinavyogeuza chakula na hewa kuwa nguvu. Vyako vinatoa nguvu kidogo. Mtu huvipata kwa mama yake. Dawa ya kuviponya hatuna, ila pumzika kabla hujachoka. Na huu si uvivu, dada."

Mama aliyemsindikiza alibubujikwa na machozi. "Kumbe tunaumwa!" alisema, uso umejaa furaha iliyowashangaza wauguzi. "Mwanangu, kumbe tunaumwa tu!"

Ndiyo maana leo mteja alikuwa chini na viwiko vya msusi vilikuwa juu ya mito. Mistari michache, pumziko. Mistari michache, pumziko. Haba na haba, mpaka jioni msuko wa mwisho ukafungwa, na bi harusi akaruka na kioo mkononi.

"Umemaliza! Peke yako!"

Msusi alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuwahi kufurahi hivyo maishani.

Kandambili zikasikika uani. Shangazi aliingia, akamzunguka bintiye akitafuta kosa, akazunguka tena.

"Nani kamalizia?"

"Nilianza mimi, shangazi. Nimemaliza mimi."

Shangazi akamgeukia wifi yake. Ufagio ulikuwa ukutani, karibu kabisa na mkono wa mama.

"Na wewe wifi, umekaa tu?"

"Nimekaa, wifi," mama akajibu. "Karibu, vuta kiti."

Akaokota mto mmoja, akauweka mgongoni, akanyoosha miguu yote miwili.